Mjadala: Vijana wa ulinzi shirikishi wavifumue vijiwe vya mateja, au hiyo si kazi yao?

Ndugu zangu, mtaani kwetu huku Kinondoni tumefika mahali pa kuamua. Hoja iliyopo mbele ya mkutano wa mtaa ni kwamba kila kaya ichangie shilingi 2,000 kwa mwezi, vijana wa ulinzi shirikishi, yaani doria ya wananchi wenyewe, waongezwe, wapewe virungu na filimbi, na kazi yao ya kwanza iwe kukifumua kijiwe cha mateja kilichoko nyuma ya soko. Wengi wameshakubali. Mimi naunga mkono doria, lakini kukifumua kijiwe napinga. Nitaeleza kwa nini, kisha mnipinge.

Kero ipo, na ni kubwa. Mifuniko ya mitaro inang'olewa usiku, asubuhi ishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mita za maji zinakatwa. Nguo zinaanuliwa kambani mbichi. Binti anayetoka kazini saa nne usiku hapiti tena njia ya sokoni, anazunguka mpaka barabara ya lami. Watoto wanaokota mabomba ya sindano na kuyachezea. Anayesema wananchi wanalalamika bure hajawahi kuishi huku.

Lakini angalieni nani hasa anakamatwa msako ukipita. Pusha, yaani muuza unga, hashindi kijiweni. Anakuja na bodaboda, anagawa kete, anaondoka. Kibaka mwenye nguvu zake akisikia filimbi ameshavuka ukuta. Anayebaki ni yule aliyelala ameegemea kibanda, mate yanamtoka, hata jina lake hawezi kulitaja. Huyo ndiye anayepigwa, ndiye anayepakiwa kwenye defenda ya polisi, na huyo huyo ndiye anayerudi kijiweni wiki inayofuata akiwa amevimba miguu. Mtaa unajisifu umefanya usafi, na biashara ya unga haijaguswa.

Watu wanatolea mfano sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji. Sungusungu ilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na kazi yake ilionekana mpaka sheria ikaja kuitambua mwaka 1989. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990 akahimiza utaratibu huo na huku mijini. Sawa. Ila ng'ombe ana mwenyewe, ana alama, na ukimkuta kwenye zizi la mtu mwingine ushahidi unauona kwa macho. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, huwezi kuikamata zizini. Ndiyo maana huku mjini kazi ile iligeuka haraka kuwa ya kukamata mtu kwa sura yake, nguo zake na mahali aliposimama.

Na tuna mfano wa karibu. Jioni ya Januari 2, 2015, Dar es Salaam ilikimbia. Maduka yalifungwa, watu walitelekeza bidhaa barabarani, kisa Panya Road, kundi la vijana waporaji. Tunachosahau ni kwamba vijana wale walitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali. Kilichofuata ni misako, na mamia ya vijana wakakamatwa. Panya Road haikuisha. Mwaka 2022 ilirudi na mapanga, watu wakauawa majumbani mwao, na kilichohimizwa tena ni ulinzi shirikishi. Sisemi doria haina maana. Nasema kipigo cha mtaani kiliwahi kutuletea usiku mbaya kuliko ule tuliokuwa tunaukimbia.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mkutano hakuna aliyeligusa. Methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke, na baadaye mikoani. Ni bure. Lakini kwa kawaida mgonjwa, hasa anayeanza, hapewi ya kwenda nayo nyumbani kama panadol. Anatakiwa afike kliniki kila siku, anywe dawa ile ya maji mbele ya mtoa huduma, aongee kidogo waone kweli ameimeza, ndipo aondoke. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi yake hupunguzwa na kuanza kupandishwa upya, kwa usalama wake. Sasa mkamate mtu wa namna hiyo alfajiri kwa kosa la "uzururaji", mweke mahabusu Ijumaa mpaka Jumatatu. Atatapika, ataharisha, mifupa itamuuma, na akitoka hataenda kliniki, atakwenda kwa pusha. Tumemrudisha kwenye unga kwa michango yetu wenyewe.

Na huo uzururaji, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Mtu hatakiwi kukamatwa kwa kuwa ni maskini na hana pa kwenda.

Ninachopendekeza ni hiki. Doria iwepo, ijulikane nani yuko zamu, na majina yabandikwe ofisi ya mtaa pamoja na hesabu ya michango. Mwizi akikutwa anaiba akamatwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpitisha kwanza nyuma ya ofisi wakamfundishe adabu hairuhusiwi popote. Taarifa za pusha ziende Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa namba 119, ni bure. Mtumiaji asiguswe kwa kuwa mtumiaji tu.

Karibuni.

Mfanyabiashara, Temeke:
Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye hajaibiwa. Mimi nina genge la matunda. Nimeibiwa mizani, nimeibiwa turubai, mwavuli sasa nalala nao ndani. Nikienda kituoni naambiwa nilete mtuhumiwa. Nikimleta, naambiwa nifungue jalada, niache kazi niende na kurudi. Keshokutwa namwona anapita mbele ya genge ananiangalia. Hao vijana wa doria walipoanza huku kwetu, niliacha kufunga genge saa kumi na mbili. Nafunga saa tatu. Hilo kwangu ni ada ya mtoto. Unaponiambia mgonjwa asiguswe, niambie na mimi nani anilipie. Ugonjwa wake naulipia mimi kila wiki.

Mlinzi shirikishi, Ilala:
Mimi ndiye huyo kijana wa filimbi mnayemzungumzia. Naomba niseme upande wetu. Tunaanza saa tano usiku mpaka alfajiri. Hatuna bima, hatuna buti, mvua ikinyesha tumelowa. Posho inategemea kaya ngapi zimetoa, na wengi mkigongewa mlango mnazima taa. Hakuna aliyetufundisha chochote kuhusu hiyo methadone. Kadi ya kliniki mtu akinionyesha usiku, mimi nitajuaje si ya kuokota? Mnataka tutofautishe mgonjwa na mwizi gizani, mwenye kisu. Mtufundishe basi. Polisi kata aje akae na sisi, na mtu wa kliniki aje. Mkitutuma bila maelekezo tutafanya tunavyojua, na tunavyojua ni rungu.

Na jambo moja mleta mada hakulisema. Wapo wenzetu wanaokula kwa pusha. Anapewa elfu kumi, anapita njia nyingine. Majina yakibandikwa kama unavyosema, mimi nitafurahi.

Mchangiaji, Mwananyamala:
Nilikuwa teja. Sasa nakunywa methadone na nina kazi ya kuosha magari. Nataka mjue kitu kimoja kuhusu kufumua kijiwe: kikifumuliwa hatuachi, tunahama. Tunaingia pagale, tunaingia chooni kwenye nyumba isiyoisha, watu watano na bomba moja kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anakwenda dukani kununua jipya. Miaka ya 2000 wataalamu walipowapima waliokuwa wanajidunga hapa Dar, walikuta zaidi ya theluthi wana virusi vya UKIMWI. Wenzangu wengi wako Kinondoni makaburini. Aliyenipeleka kliniki alikuwa kijana mwelimishaji aliyekuwa anakuja kijiweni pale pale kila wiki, alikuwa anajua ataniona wapi. Kama kijiwe kingekuwa kimefumuliwa mwezi ule, asingenipata.

Mama wa genge la Temeke, samahani kwa yaliyokupata. Tuliiba, si uongo. Nilipoanza dawa niliacha kuiba kwa sababu asubuhi sikuamka tena na ile arosto inayokutoa kitandani ukatafute hela ya kete.

Mkazi, Mbagala:
Mnazungumzia mateja tu. Vigodoro, zile ngoma za usiku kucha, je? Spika mbili za futi sita barabarani mpaka saa kumi na moja alfajiri, matusi kwenye maiki, watoto wa darasa la nne wanacheza katikati. Hao doria wakipita wanasimama kuangalia. Na baa ya mwenye nazo haiguswi. Adabu ya mtaa inaanzia kwa wasio na mtu wa kuwatetea.

Mleta mada:
Nawashukuru wote.

Dada wa Temeke, swali lako la nani akulipie ndilo gumu kuliko yote na sitalikwepa. Aliyeiba mizani yako akamatwe, na jalada lifunguliwe bila wewe kufunga genge. Hapo ndipo mkaguzi wa polisi wa kata anapaswa kutusaidia: awe na siku yake kwenye ofisi ya mtaa, aandike malalamiko pale pale, na kila mkutano atuambie yamefikia wapi. Nakubali kwamba wakati jalada limelala, anayeonekana kukujali ni kijana wa doria. Nakubali pia kwamba wizi hauwi mdogo kwa kuwa mwizi anaumwa. Ninachokataa ni kumwadhibu mwingine aliyelala pembeni kwa sababu yule wa mizani amekimbia.

Kijana wa Ilala, umenibadilishia pendekezo. Nilianza na mipaka yenu, sikusema mnastahili nini. Nitaomba mchango ule wa 2,000 utengwe: posho ya walinzi kwanza, buti na tochi, kisha siku ya mafunzo na mtu wa kliniki ya Mwananyamala kabla ya doria ya kwanza. Kliniki iko karibu yetu kabisa. Kuhusu kadi, mwachieni mwenye kadi aende. Akibainika si yake, asubuhi ipo.

Wa Mbagala, kelele za usiku nitazileta kama hoja yake yenyewe, na baa iwemo.

Kuna ambao mtaa wao ulishawahi kumleta mwelimishaji wa kliniki kwenye mkutano? Nani alimwalika, na walinzi walimpokeaje? Nahitaji majibu yenu kabla ya Jumapili, maana hoja inapigiwa kura siku hiyo, na kijiwe kimeshatajwa kwa jina kwenye ajenda.