Nina shahada ya uchumi, nataka kazi ya kukuza uchumi wa jiji: nianzie wapi?

Kijana wa Tabata: Wakuu, salaam. Nina shahada ya uchumi. Benki sizitaki, navutiwa na halmashauri: masoko, stendi, uwekezaji, mapato. Niombe cheo gani? Usaili unauliza nini? Lazima niongeze masters?

Mzee wa Bajeti: Mdogo wangu, tangazo la "afisa wa uchumi wa jiji" hutaliona. Kazi hiyo imegawanywa. Mchumi yuko Mipango na Uratibu, Afisa Biashara yuko Viwanda, Biashara na Uwekezaji. Wewe omba Mchumi Daraja la II kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Soma kipengele cha sifa neno kwa neno, maana jina la shahada lisipolingana na tangazo unatolewa hata kama masomo ni yaleyale. Pandisha vyeti vyenyewe vya kidato cha nne na sita, siyo karatasi ya matokeo, vikiwa vimethibitishwa na mwanasheria. Jina la NIDA likitofautiana na la cheti, muone wakili sasa, usisubiri tangazo litoke.

Masters subiri kwanza.

Diwani Mstaafu: Kwenye usaili shika mzunguko wa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vipaumbele vinaibuliwa mtaani, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, menejimenti, kamati za kudumu, Baraza la Madiwani, ndipo mkoa, TAMISEMI na Hazina. Jua pia ile 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: wanawake 4%, vijana 4%, wenye ulemavu 2%.

Halafu elewa jiji lenyewe. Tangu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina baraza lake na bajeti yake. Ndiyo maana masoko mawili yanaweza kupangwa huku na huku ya mpaka, kila andiko la mradi likihesabu wateja walewale!

Kizimba Tupu: Wakati unasubiri, jifunze kuandika andiko la mradi. Chukua soko moja, hesabu vizimba vyote na vyenye watu. Mfano: vizimba 300, ushuru sh. 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni sh. 46,800,000 kwa mwaka. Vikijaa 60% tu, inabaki 28,080,000, na hapo hujatoa ulinzi, taka, maji na umeme. Maandiko mengi yanakufa hapa: yanadhani soko litajaa siku ya kwanza.

Simama kituo cha daladala uone watu wanashuka kuelekea wapi. Muuza mboga ukimpandisha ghorofani atarudi barabarani, kwa sababu mteja wa fungu la mchicha hapandi ngazi. Angalia pia malori yanashushia wapi, na kiwanja kina hati ya nani. Bila hati, mkopo au mwekezaji sahau.

Kijana wa Tabata: Shukrani wakuu. Na kujitolea je?

Mzee wa Bajeti: Andika barua kwa Mkurugenzi, ambatisha vyeti, omba upangiwe mapato au mipango. Utaona PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, inavyojazwa na ushuru wa huduma, ule ambao biashara zinailipa halmashauri, unavyokokotolewa kwenye mauzo, siyo faida. Ila asikudanganye mtu kwamba kujitolea kunakupa nafasi ya kudumu. Usaili utaufanya kama wengine.