Yoga kwa wanafunzi wa udaktari: saa moja kwa wiki tuijaze nini?

Mratibu_MwakaKwanza
Habari za kazi, wadau. Tumepewa saa moja kwa wiki, kwa wiki 8, kuingiza yoga kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi ni 60, ukumbi unabeba mikeka 30. Nataka kipindi kishikane na anatomia na fiziolojia wanazosoma muhula huo huo, kisiwe kunyoosha viungo tu. Naomba mpangilio, mikao ya kuepuka, na namna ya kupima matokeo.

PumziKwanza
Mwalimu, gawa makundi mawili, kila moja na saa yake. Dakika 10 pumzi, 30 mikao, 10 kulala chali, 10 maswali.

Kwenye pumzi, vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6, kwa pua. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Kila mmoja ashike mapigo yake kifundoni mwa mkono: yanaongeza kasi akivuta na kupungua akitoa, maana wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi, inayotoka ubongoni, huupunguzia moyo kasi zaidi. Kwa vijana tofauti hiyo husikika wazi.

Wengi huharibu hapa: wakiambiwa wapumue polepole, wanavuta hewa nyingi mno. Kaboni dioksaidi inashuka, mishipa ya ubongo inabana, kizunguzungu kinaanza. Polepole, lakini kiasi cha kawaida.

Kapalabhati, ile ya kusukuma pumzi nje harakaharaka, ifundishwe ubaoni tu: damu ikielekea ualikali (kinyume cha asidi), kalisi huru, ile isiyoshikwa na protini, hupungua, ganzi inaingia vidoleni na kuzunguka midomo. Mwenye kifafa, presha ya juu au ujauzito asiiguse kabisa.

Kano_na_Mifupa
Kwa anatomia, mkao mmoja unakutosha kipindi kizima: mbwa aliyeinamisha kichwa, yaani viganja na nyayo sakafuni, makalio juu. Magoti yakiwa yamenyooka, visigino vya wengi havifiki chini. Waambie wakunje magoti kidogo. Kisigino kikishuka, kizuizi ni gastroknemiasi, msuli wa kigimbi unaovuka goti na kifundo cha mguu. Goti likikunjwa inalegea. Kisiposhuka, tafuta kwenye soleasi, msuli wa kigimbi ulio chini yake usiovuka goti, au kwenye kifundo chenyewe. Kukunja magoti kunalegeza pia misuli ya nyuma ya paja, nyonga inageuka na mgongo unanyooka. Hakuna mchoro wa kitabuni utakaoeleza misuli ya viungo viwili vizuri kuliko hapo.

Kusimama kwa kichwa toa kabisa. Shingo haikuumbwa kubeba mwili, na presha ya jicho hupanda. Mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, asikae hata kwenye huo wa mbwa.

Maumivu kwenye mfupa wa kukalia, yanayozidi akikaa au akiinama, ni kano ya nyuma ya paja inayolalamika. Kosa ni kuzidi kuinyoosha. Aache kuinama na magoti yaliyonyooka, aanze kukaza misuli hiyo bila kusogeza mguu. Mkono ukiuma kifundoni, aegemee viwiko.

Na mkufunzi asimguse mtu kabla ya kuuliza. Wanajifunza kumpima mgonjwa, waone ridhaa inavyoombwa.

Dodoso
Sikubaliani na PumziKwanza kuhusu makundi. Wagawe kwa kura ya bahati nasibu: 30 waanze, 30 wasubiri wiki 8. Hapo ukumbi unatosha kwa saa moja kwa wiki na umepata kundi la kulinganishia.

Tumia PSS-10, dodoso la msongo wa mawazo lenye maswali 10, alama 0 hadi 40. Linauliza kuhusu mwezi uliopita, kwa hiyo usilirudie kabla ya wiki 4. Maswali ya 4, 5, 7 na 8 hugeuzwa alama: 0 huwa 4, 1 huwa 3, na kuendelea. Ukisahau, matokeo yote ni takataka. Usipime wiki ya mitihani. Watumie namba za siri, na anayesahihisha mitihani yao asione majibu.

Mahudhurio yasiwe na alama, wala nyimbo za kidini zisiwepo, na anayekataa asidaiwe maelezo. Tena, kama ratiba yao ya usiku ni mbovu, uongozi usijifiche nyuma ya mkeka.

Mratibu_MwakaKwanza
Ahsanteni, nachukua la kura. Na wanaosinzia mwishoni?

PumziKwanza
Waache. Mto chini ya magoti kama kiuno kinauma. Kuamka: wageuke ubavu, wakae dakika moja, ndipo wasimame. Anayeruka ghafla presha inashuka na anaweza kuanguka.