Mauaji ya miaka mingi nyuma: kesi ina ukomo?

Mwalo_Igombe: Wakuu, mtu alikatwa panga 2010 huku Ilemela, Mwanza, akafa siku hiyo hiyo. Anayetajwa alitorokea visiwani, sasa kaonekana Kirumba. Mtaani wanasema miaka 12 ikipita kesi imekufa. Kweli? Naomba vifungu.

Karani_Isamilo: Hapana. Miaka 12 ni ya kudai ardhi, ipo kwenye Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ambayo kifungu cha 43 kinasema haigusi jinai. Kuua kwa kukusudia (kifungu cha 196, Kanuni ya Adhabu) hakuna ukomo wa kushtaki, hata kuua bila kukusudia. Namba zangu ni za toleo la 2022.

Sangara_Mkavu: Sawa, ila kuna kifungu cha 205 cha Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu. Majeruhi akifariki baada ya mwaka mmoja na siku moja, sheria haihesabu kuwa ameuawa. Siku ya tendo la mwisho inahesabiwa: aliyekatwa 10 Machi 2023, mwisho ni 10 Machi 2024. Akifa tarehe 11, yanabaki mashtaka kama kujaribu kuua, ambako adhabu hufika kifungo cha maisha. Uingereza, ilikotoka kanuni hii, waliifuta 1996. Kwa zama za mashine za kupumulia, mimi naona imepitwa. Wewe haikuhusu, wako alikufa siku ile ile.

Jalada_Kongwe: Kinachoua kesi za zamani ni ushahidi. Anza kituo ilikofunguliwa, uliza namba ya IR (namba ya jalada la polisi). Ukikwama, nenda kwa RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa), kisha Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ulizia ripoti ya uchunguzi wa maiti, na shahidi alimtaja mtuhumiwa lini. Mahakama ya Rufani humwamini zaidi aliyetaja jina mapema. Anayelikumbuka leo atabanwa vibaya na utetezi. Shahidi akiwa amefariki, maelezo yake polisi hupokelewa kwa kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi, lakini yawe na saini yake na tamko kuwa ni ya kweli, utetezi wapewe nakala, nao wasipinge ndani ya siku 10. Sharti moja likikosekana, yanatupwa.

Mwalo_Igombe: Na kama aliwahi kukamatwa akaachiwa?

Karani_Isamilo: Inategemea aliachiwaje. DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akiondoa shauri kwa kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, anaweza kukamatwa tena. Mahakama ikiwa ilimwona hana hatia, hashtakiwi upya kwa kosa hilo. Omba nakala ya mwenendo wa kesi, mkuu, maana mtaani yote mawili huitwa "kaachiwa".