Rimu za IST: za Forester inchi 16 au za Harrier inchi 17?

Mpwani_Raskazone
Wakuu, salaam. Nina Toyota IST, nataka kuvua rimu za chuma niweke spoti. Kuna jamaa Ngamiani ana seti mbili za mtumba: moja imetoka kwenye Forester, inchi 16, pamoja na tairi zake. Nyingine ya Harrier, inchi 17, rimu tupu. Bei hazijaachana sana. Anasema zote tundu tano, zinaingia. Roho yangu iko kwenye za Harrier. Ijumaa anataka jibu.

spana17
IST ipi? Ya zamani ina nati nne, hapo hatuna cha kujadili.

FundiKange
Na tairi za hizo Forester saizi gani? Watu mnauliza dawa bila kusema mnaumwa wapi.

Mpwani_Raskazone
Samahani, ni ya 2008, nati tano. Tairi zimeandikwa 215/60R16.

FundiKange
Sawa. Tundu tano peke yake si kipimo. Kipimo ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya hizo tundu, PCD. IST yako ni 5x100, yaani tundu tano kwenye duara la milimita 100. Forester ya zamani nayo 5x100. Harrier ni 5x114.3, haiingii hata uisukume na familia nzima. Pima mwenyewe: toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani yake, zidisha kwa 1.7. Tundu kwa tundu ikiwa milimita 59 hivi, PCD ni 100. Ikiwa 67, ni 114.3.

Tajiri_wa_Mabawa
Adapta za kuweka nyuma ya rimu zipo jamani. Mie za 17 ningechukua, gari inasimama kiume.

FundiKange
Adapta ya kugeuza 100 kuwa 114.3 haiwezi kuwa nyembamba, maana ina nati zake na stadi zake, zile bolti zinazoshika nati. Inalisukuma tairi nje, ukipakia watu wanne linakula fenda. Hapo bado chumvi ya huku kwetu haijaingia kati ya adapta na habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa.

DadaMuheza
Mpwani, mdogo wangu, soma hii kwanza. Mie nina X-Trail, ni 5x114.3. Shemeji yangu akaniletea rimu nzuri mno kutoka Dar, zilitoka kwenye Mercedes. Fundi akazijaribu, tundu la katikati likakaa kama limechongewa gari yangu, nati zote tano zikashika. Akasema tayari dada, nenda. Zile rimu ni 5x112! Ukipima tundu kwa tundu tofauti haifiki milimita moja na nusu, jicho haliioni. Nati zilikuwa zinaingia upandeupande. Siku mbili tatu usukani ukaanza kutetemeka, nikapeleka kwenye balansi, nikalipa, ukatetemeka vilevile. Natoka Segera narudi nyumbani, gurudumu la mbele likaanza kugonga, ko-ko-ko. Nimeshuka, nati mbili nazungusha kwa vidole! Stadi zote za upande ule zilibadilishwa, na fundi akaniambia eti barabara mbovu.

spana17
Pole sana dada. Hiyo 112 na 114.3 imeshaumiza wengi.

BabuSigi
Vijana, rimu ya chuma ikipinda inagongwa inanyooka. Hiyo spoti ikipiga shimo inapasuka. Mie nimesema.

Mpwani_Raskazone
Babu shikamoo. Kwa hiyo za Forester zinaingia bila shida?

FundiKange
Zinaingia, ila shida zipo. Tundu la katikati la rimu za Subaru, ndiyo hiyo Forester, ni milimita 56.1, habu ya IST yako ni 54.1. Weka ringi za kujaza hiyo nafasi. Za plastiki, za alumini zitaganda kwenye habu kwa kutu.

Tajiri_wa_Mabawa
Ringi ni biashara tu. Nati za koni zinaiweka rimu katikati zenyewe.

FundiKange
Ukikaza gari ikiwa juu ya jeki, kwa msalaba, kidogokidogo, sawa. Wangapi wanakaza hivyo? Halafu usitumie nati za Subaru, hatua ya uzi wake ni milimita 1.25, wako 1.5. Ukilazimisha unaua stadi. Na zile nati za Toyota zenye washa bapa usizilete kwenye tundu la koni.

spana17
Tairi pia. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kinasema 195/60R16, kipenyo ni kama milimita 640. Hizo 215/60R16 ni 664. Dashibodi ikisema 50 wewe uko karibu 52.

Tajiri_wa_Mabawa
Hiyo 52 ndiyo elfu thelathini ya tochi pale Muheza 😂

DadaMuheza
Tochi ziko kila mahali, usiisingizie Muheza yetu.

BabuSigi
Ndiyo maana Tanga tuliendesha baiskeli. Hakuna tochi, hakuna PCD.

Mpwani_Raskazone
Nimempigia jamaa, anasema za Forester kuna mtu kaulizia pia. Na upana wa 215 hautagusa ndani nikikata kona?

FundiKange
Inategemea ofseti, yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Geuza rimu, nyuma ya mkono wa rimu kuna herufi ET na namba, ndiyo ofseti. Tuma picha.

Mpwani_Raskazone
Nitapita jioni.

Kijana_wa_Makorora
Kama za Harrier huzitaki nitumie namba ya huyo jamaa PM. Mie nina Noah.