Mrejesho: Meditesheni ya miaka mingi inaweza kudhuru?

Wakuu, niliuliza kama meditesheni (kukaa kimya na kutuliza akili) ya muda mrefu ina madhara. Jibu: inaweza kuwa nayo, ila si kwa kila mtu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwahoji Wabudha wa nchi za Magharibi wakapata aina 59 za mabadiliko, zikiwemo hofu, kukosa usingizi na kuhisi mwili si wako. Wala si jambo jipya. Hakuin, mtawa wa Japani wa Zen (tawi la Ubudha lenye kukazia meditesheni), alieleza "ugonjwa wa Zen" karne ya 18.

Hatari hupanda kwenye mafungo ya kimya (kujitenga ili kufanya meditesheni) ya siku 10, saa kama 10 kila siku, usingizi kidogo. Mwenye kiwewe (jeraha la akili kutokana na tukio baya) akikazia pumzi, anazidi kusikia moyo unavyodunda, hofu inapaa. Apunguze hadi dakika 10, afumbue macho, ahamishie umakini kwenye nyayo au sauti za nje, atembee. Ushauri wa "kaza tu, itapita" ndio ulionikera zaidi.

Usingizi ukikata kabisa au ukisikia sauti, acha, nenda hospitali. Mwenye historia ya baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno) asiende mafungo kabla ya kumwona daktari wake.