Mrejesho: fizikia ya KCSE na muda ulobaki kidogo

Assalaam alaykum, ni mie wa Lamu nilouliza nisomeje fizikia wakati KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, imeshakaribia. Shukran sana kwa mlonijibu, hasa yule alosema nianze na pepa ya 3 ya praktiko, kwa sababu ina alama 40 na wengi huiwacha mpaka mwisho.

Basi nimefunga jiwe kwa mshipi wa kuvulia nikalining'iniza kwenye boriti ukumbini, nabadilisha urefu, nalibembeza na kupima muda wa mizunguko 20 (kwenda na kurudi) kwa saa ya simu, nagawanya kwa 20 nipate T, yaani muda wa mzunguko mmoja, halafu nachora grafu ya T mraba na urefu wa mshipi kwa mita, na mteremko wake ukija karibu na 4 wallahi raha yake, maana 4π² ukigawa kwa huo mteremko wapata g (mvutano wa dunia) karibu 9.8, na sasa ile fomula ya pendulamu siikariri tena, naijua.

Pepa ya 1, makanika na joto, naenda nayo vizuri kwa mitihani ya nyuma, najiwekea muda wa saa mbili kamili na simu naizima. Pepa ya 2 mawimbi sawa, umeme ndo bado wanisumbua, hasa saketi zenye rizista (vizuizi vya mkondo wa umeme) sambamba, kwa hivyo mwenye maelezo mepesi tafadhali anisaidie.