Ulinganisho: Ceph, ZFS, DRBD au vSAN, seva moja ikifa data inabaki wapi?

fundi_saccos
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mifumo ya saccos moja yenye matawi mawili. Tuna seva tatu, kila moja na diski zake za ndani, na juu yake zinakimbia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) za hifadhidata ya wanachama (PostgreSQL), barua pepe na mafaili. Hivi karibuni bodi kuu ya seva moja iliungua. Diski zilikuwa nzima, RAID (mpango wa kuunganisha diski za seva moja, diski ikifa data ibaki) haikuwa na neno, ila data yote ilibaki imefungiwa ndani ya boksi lisilowaka mpaka kipuri kilipofika. Wanachama walikuja kutoa fedha zao wakarudi mikono mitupu, na hilo limeniuma sana.

Sasa nataka hifadhi ya pamoja inayotandazwa juu ya seva zote tatu. Sharti langu ni moja: seva ikifa saa sita mchana, muamala ambao mteja ameshapewa risiti yake usipotee. Diski nilizonazo ni SSD nne kila seva. Kati ya programu hizi nne za kuhifadhi data, Ceph, ZFS, DRBD na vSAN, mngechagua ipi, na kwa nini?

binti_linux
Pole mkuu. Kwa sharti hilo, ZFS ya kunakili ndani ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) inatoka mapema. Ile hunakili kwa ratiba. Usipogusa kitu ni kila dakika 15, na unaweza kuishusha hadi dakika moja. Lakini hata ukifika hapo, seva ikizima katikati ya zamu mbili, kilichoandikwa baada ya zamu ya mwisho kimebaki kwenye seva iliyokufa. Kwa mafaili na barua pepe ningeitumia bila wasiwasi: ni nyepesi na haidai mtandao wa kasi kubwa. Hifadhidata ya fedha za watu, hapana.

Mzee_wa_Kebo
Naunga mkono. Watu wengi hulinganisha hizi hifadhi kwa kuhesabu nakala, wakati swali la kwanza ni hili: programu inaambiwa "tayari, nimeandika" wakati gani?

Kwenye Ceph, andiko linakwenda kwenye diski kiongozi wa kipande kile cha data, kiongozi analipeleka kwa wenzake, na jibu la "tayari" halirudi mpaka wote wamelishika. Ukiweka `size` (idadi ya nakala) 3 na ukaiambia kanuni ya CRUSH, inayopanga nakala zikae wapi, igawe nakala kwa seva badala ya kwa diski, kila seva yako inakuwa na nakala moja. Ikifa moja, alichoambiwa mteja kuwa kimeandikwa kiko mahali pengine pawili.

Kinachotokea baada ya hapo ni hivi. Diski za seva iliyokufa zinaacha kujibu wenzao, na baada ya kama sekunde 20 zinatangazwa kuwa chini. Vipande vilivyokuwa chini ya uongozi wake vinasimama kidogo, vinapata kiongozi mpya, kazi inaendelea. `min_size` ikiwa 2, nakala mbili zinatosha kusoma na kuandika. Zikipita dakika 10 seva haijarudi, Ceph inazitoa kabisa hesabuni na kutafuta pa kujenga upya nakala ya tatu. Hapa ndipo klasta ya seva tatu ina upungufu wake: hakuna seva ya nne ya kuipokea. Utakaa na nakala mbili mpaka utengeneze ile iliyokufa. Data iko salama, ila huna tena nafasi ya ajali ya pili. Seva nyingine ikianguka, kuandika kunasimama, na ni heri kusimame.

Nakusihi, usishushe `min_size` hadi 1 eti kazi isikwame. Ukiruhusu kuandika kwenye nakala moja, diski ile moja ikiharibika, umepoteza ulichoandika wakati wenzake wakiwa hawapo.

Jambo jingine ni nafasi. Diski ikijaa asilimia 85 Ceph inaanza kulalamika, ikifika 95 inakataa kuandika. Kwenye seva tatu, diski moja tu ikifa, mzigo wake unabebwa na diski tatu zilizobaki ndani ya seva ileile. Zikiwa zimejaa asilimia 70 siku hiyo, zitahitaji kufika kama asilimia 93, karibu kabisa na kikomo.

nodi_ya_pwani
Niitetee vSAN, hifadhi ya kampuni ya VMware, kidogo. Inafanya kazi yake vizuri, na nimeipenda kwa utulivu. Kwa kiwango cha kuvumilia hitilafu moja inaweka nakala mbili kamili kwenye seva mbili, na ya tatu inabeba shahidi mdogo asiye na data, kazi yake ni kupiga kura. Ikipoteza seva, inasubiri dakika 60 kabla ya kuanza kujenga upya, kwa kuwa seva nyingi hurudi zenyewe ndani ya muda huo.

Tatizo ni mfuko. Broadcom waliinunua VMware Novemba 2023, na leseni za kununua mara moja zikaondolewa sokoni. Sasa ni kulipia kwa muda, kwa kila kiini cha prosesa. Kwa saccos ya matawi mawili sioni bodi ikilipa hilo kila mwaka kwa moyo mweupe.

kijana_wa_kernel
Mbona hakuna aliyeigusa DRBD, inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine kwa mtandao? Imo ndani ya kernel ya Linux tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010. Ukitumia protokali C, andiko halithibitishwi mpaka limefika kwenye diski za pande zote mbili. Nakala mbili za data kwenye seva mbili, ya tatu inapiga kura bila kuhifadhi chochote. Usomaji unatoka kwenye diski ya seva ileile, hausafiri mtandaoni, na PostgreSQL inaupenda sana ucheleweshaji mdogo. Ceph nayo kila diski inataka kama GB 4 za RAM kwa mpangilio wake wa kawaida. Diski nne ni GB 16 kila seva kabla hujawasha mashine pepe hata moja.

fundi_saccos
Ahsanteni sana. Kijana, kama nakala ni mbili tu, kwa nini nisitumie seva mbili, ya tatu niipeleke tawi la pili?

kijana_wa_kernel
Usifanye hivyo kaka, labda uache mpiga kura wa tatu mahali. Kebo kati ya seva mbili ikikatika, kila moja itaamini mwenzake amekufa. Zote mbili zitawasha hifadhidata, zote zitapokea miamala, na kebo ikirudi una vitabu viwili vya akaunti visivyopatana. Hakuna programu itakayokuchagulia kipi cha kutupa.

Mzee_wa_Kebo
Hapo ndipo akidi inapokuja. Kura mbili kati ya tatu zinaendelea, iliyo peke yake inanyamaza. Proxmox inakwenda mbali zaidi: seva yenye mashine za HA (zilizowekwa ziwashwe kwingine seva ikifa) ikipoteza akidi kwa kama sekunde 60 inajizima na kujiwasha upya yenyewe, ndipo wenzake waziwashe mashine zake kwingine. Kwa hiyo tegemea ukimya wa dakika mbili hivi. Na elewa kwamba RAM imekwenda na seva. Mashine pepe inaamka kama iliyokatikiwa umeme, na PostgreSQL inajirekebisha kwa kusoma kumbukumbu yake ya miamala. Hilo linafanikiwa tu kama hukuweka kache ya diski kwenye `unsafe`, isiyosubiri data ifike kwenye diski.

binti_linux
Na SSD ziwe za seva, zenye kapasita za kulinda umeme ukikatika. Za kompyuta za nyumbani zinatambaa kwenye uandikaji huu wa kusubiri uthibitisho. Pia, hakuna kati ya hizi nne iliyo bakapu. Mtu akifuta jedwali, linafutika kwenye nakala zote kwa wakati mmoja, na kwa ZFS ya ratiba, kwenye zamu inayofuata. Mashine ya bakapu ndiyo ya kupeleka tawi la pili.

fundi_saccos
Nimeelewa. RAM ninayo ya kutosha na mwakani bodi inaweza kuongeza seva ya nne, kwa hiyo naelekea Ceph. Ila nina swichi moja tu ya 10G. Ikifa hiyo?

Mzee_wa_Kebo
Kwa seva tatu huhitaji swichi kwa ajili ya Ceph. Kila seva ikiwa na milango miwili ya 10G, ziunganishe moja kwa moja kwa kebo tatu, kila moja na wenzake wawili. Corosync, inayobeba kura za Proxmox, ipe mtandao wake tofauti, hata wa gigabiti moja, maana haivumilii kusubiri nyuma ya msongamano wa Ceph. Angalia pia seva zote tatu zisiwe chini ya UPS moja.

Kabla ya kuhamisha hifadhidata halisi, weka ya majaribio, endesha `pgbench` (inayoitwisha PostgreSQL miamala ya majaribio) kutoka kompyuta ya nje, halafu chomoa waya wa umeme wa seva iliyoibeba. Usiizime kwa amri, chomoa. Tazama `ceph -s`, amri ya kuonyesha hali ya Ceph, inasema nini, na linganisha miamala iliyothibitishwa upande wa nje na iliyomo ndani baada ya kuamka. Ukimaliza seva hiyo, rudia kwa mbili zilizobaki, moja baada ya nyingine, ukisubiri `HEALTH_OK` irudi kila mara.